Mteja wa mkoani anataka arudishiwe pesa ya viatu, na pesa nimeshaiongezea kwenye mzigo mpya. Nifanyeje?

*Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Dar, nauza viatu Instagram na WhatsApp. Kuna kaka wa Mwanza alinunua viatu vya ngozi namba 42 kwa 85,000, akaongeza 8,000 ya kusafirishia kwa basi. Mzigo aliupokea Jumamosi. Jumanne akaniandikia kuwa vinambana, halafu picha ilikuwa ya kahawia na yeye amepata damu ya mzee. Anataka 93,000 yote. Kwenye ukurasa wangu nimeandika wazi 'bidhaa ikishauzwa hairudishwi', na pesa yake nimeshaiongezea kwenye mzigo mpya. Sasa anasema nisipomrudishia atapiga simu kwenye mtandao wake wauvute muamala, halafu ataniposti kuwa mimi ni tapeli. Je, ana haki? Kama ni kumrudishia, nirudishe kiasi gani na kwa utaratibu upi nisije nikakosa viatu na pesa? Na nifanyeje yasijirudie?"*

Pole na presha, dada yangu. Nitajibu yote, ila nianze na la leo kwa sababu huyo kaka anasubiri.

Kwa jinsi ulivyoeleza, kwenye rangi ana hoja nzito, kwenye saizi ana nusu ya hoja. Usimtumie hata shilingi leo, lakini mjibu leo hii. Mwambie viatu virudi kwa gharama yako, utavikagua siku vitakapofika, na vikiwa havijatembelewa utamrudishia 93,000 siku hiyohiyo. Kabla ya kufika huko mpe nafasi ya kubadilishiwa, apate pea ya kahawia yenyewe iliyopimwa kwa sentimita. Aliyelipa 85,000 alikuwa anahitaji viatu, na ukimwonyesha kiatu sahihi kwa picha ya mchana huenda akakubali kiatu.

Najua tangazo lako la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lilikupa amani. Lina kazi yake, lakini kazi hiyo ni ndogo kuliko unavyodhani. Linakulinda kwa mteja aliyepata alichoagiza kisha akabadili mawazo, mfano mkewe hakukipenda au amekuta cha bei ndogo mtaa wa pili. Halikulindi bidhaa ikiwa tofauti na ulivyoitangaza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo, na picha yako ni maelezo. Sheria hiyo inasema pia kwamba mnunuzi ambaye hakukiona kitu kabla hahesabiwi kuwa amekikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kukikagua. Kaka yuko Mwanza, kiatu kilikuwa Dar, na nafasi yake ya kukagua ilianza Jumamosi alipofungua boksi. Jumanne si kuchelewa. Ongeza na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Aliyeonyesha kahawia akatuma damu ya mzee, hata kama hakukusudia, hana pa kusimama.

Kabla hujajilaumu, jipime. Toa pea ya aina hiyohiyo stoo, simama kivulini nje saa nne asubuhi, ipige picha kwa simu bila flashi na bila kichujio chochote, kisha uiweke kando ya picha iliyopo ukurasani. Ikiwa picha ya ukurasani ulipewa na muuzaji wa jumla, au uliipiga usiku chini ya balbu ya njano, utaona tofauti mwenyewe. Mwanga wa njano huzisogeza rangi za ngozi, na damu ya mzee ikionekana kahawia iliyoiva mteja hana namna ya kujua. Hapo kosa ni lako, unabeba nauli ya kwenda na ya kurudi, na 93,000 ndiyo hesabu sahihi. Rangi zikifanana kabisa mambo yanageuka: inabaki hoja ya saizi peke yake, na hapo ni haki kumrudishia 85,000, nauli ya kwenda ikawa imeliwa na ya kurudi akalipa yeye.

Na saizi yenyewe ina siri ambayo wauzaji wengi hawaijui. Namba 42 haina urefu mmoja duniani. Kwa viwanda vingi vya China, 42 ni ya mguu wa sentimita 26, na ndiyo maana ukifunua ulimi wa kiatu, kwenye lebo unakuta 260, yaani milimita. Ukitoka hapo, 41 ni 255 na 43 ni 265. Kwa viwanda vingi vya Ulaya, 42 huchukua mguu wa karibu 26.5 au zaidi kidogo. Mteja aliyezoea 42 ya Ulaya akiletewa 42 ya China anapungukiwa nusu sentimita, na nusu sentimita kwenye kiatu cha ngozi kilichofungwa ndiyo kidole gumba kugonga ukuta. Hakukudanganya na wewe hukumdanganya. Mliongea namba moja mkimaanisha viatu viwili.

Kwa hiyo kabla viatu havijapanda basi, muulize swali hili: vinabana wapi? Vikibana ubavuni na ngozi ni ngozi kweli, fundi viatu mwenye kalibu, lile umbo la mguu la kutanulia kiatu, anaweza kuvitanua kwa siku moja au mbili, na kumtumia 5,000 ya fundi ni nafuu kwenu nyote. Kidole kikigonga mbele, hakuna fundi atakayerefusha kiatu, usimpotezee muda. Na kama ni ngozi ya plastiki hata ubavuni haitanuki, itapasuka. Lakini kwa huyu, ujanja wa fundi ni wa saizi tu. Kama hataki ile rangi, usimsukumie fundi ili akome kudai.

Sasa hofu ya pili, kwamba atapiga simu kwenye mtandao pesa ichomolewe. Huduma ya kurudisha muamala imewekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Haikuwekwa kuamua ugomvi wa biashara. Mteja anapoomba, mtandao unaangalia kama pesa bado ipo kwenye akaunti iliyopokea, unaweza kuizuia, na mpokeaji anaulizwa. Nchini Kenya mteja wa M-Pesa huanzisha ombi hilo kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwenda 456. Ukipigiwa kuhusu muamala huu, jibu kwamba ni malipo ya bidhaa, una mazungumzo ya oda, una risiti ya basi, na mzigo aliupokea yeye. Utulivu na karatasi vinatosha. Kosa ni kukimbilia kwa wakala kutoa pesa yote ukisikia tishio, maana hapo unaanza kufanana na yule anayekusingizia kuwa wewe. Na kama bado unapokea malipo kwenye laini yako binafsi, fungua Lipa Namba. Mteja anapolipa huona jina la biashara kabla ya kuweka namba ya siri, na aliyeona jina la duka lako hawezi kusema kirahisi kwamba alikosea namba.

Ukijipima ukaona rangi zinatofautiana, mjibu hivi, kwa maandishi, usimpigie, ili kila kitu kibaki:

*"Kaka, habari za leo. Nimeupata ujumbe wako wa Jumanne kuhusu viatu vya 85,000, pole kwa usumbufu. Naomba picha ya viatu ukiwa nje mchana bila flashi, picha ya soli zote mbili kwa chini, na urefu wa mguu wako kwa sentimita. Ukipenda kubadilishiwa, nakutumia pea ya kahawia kwa gharama yangu. Ukitaka pesa, virudishe kwa basi ndani ya siku 3, nauli ya mzigo juu yangu. Vikifika nakagua siku hiyohiyo, na vikiwa havijatembelewa nakutumia 93,000 kwenye namba ileile uliyolipia."*

Ona kwamba ujumbe huo hauna neno la kumlaumu wala la kujitetea. Una kiasi, siku na sharti moja. Mteja aliyekasirika akipewa tarehe na kiasi hukosa cha kuposti.

Kuhusu nauli ya kurudi, mwambie aulize ofisi ya basi kama inaweza kulipwa ukipokea mzigo Dar. Wakikataa, alipe 8,000 yeye na uiongeze kwenye marejesho, yawe 101,000. Msisitize apeleke mzigo ofisini apewe risiti yenye namba, asimkabidhi konda mlangoni, na akutumie picha ya risiti hiyo. Boksi la viatu liingie ndani ya mfuko au boksi lingine. Gundi ya karatasi ikibandikwa juu ya boksi lenyewe, ukiibandua inatoka na rangi, na kiatu kizima ndani ya boksi lililochunika kinashuka bei.

Mzigo ukifika stendi ya Mbezi, usiubebe ukaenda kuufungulia nyumbani. Fungulia hapohapo kaunta, mtu akikurekodi kwa simu kuanzia mfuko ukiwa umefungwa, risiti ikionekana. Video ya dakika mbili isiyokatwa inamaliza ubishi wa "nilituma vizima" na "nilipokea vibovu". Kisha kagua kwa mpangilio huu. Geuza soli, ukiangalia kisigino kwa nyuma ubavu wa nje, maana hapo ndipo mwendo unapoanza kula. Aliyejaribu ndani ya nyumba kwenye kapeti anaacha vumbi linalofutika kwa kitambaa kikavu. Aliyetembea barabarani anaacha mikwaruzo na vijiwe vidogo kwenye mifereji ya soli, na hivyo havifutiki. Halafu tazama mkunjo pale vidole vinapopindia: kujaribu mara moja huacha mstari hafifu, kuvaa siku nzima huacha makunyanzi yaliyokaa. Toa soli ya ndani uone kama maandishi yamefifia kisiginoni, na unuse. Mwisho hakikisha ni pea yako kweli. Kama hujawahi kuweka alama, anza leo: andika kwa kalamu ya wino namba ndogo chini ya soli ya ndani ya kila kiatu kabla ya kutuma, na namba hiyohiyo iandike kwenye daftari la oda. Wapo wanaonunua kipya na kurudisha cha zamani cha aina ileile, na bila alama huna la kusema.

Vikiwa safi, tuma pesa kabla hujaondoka stendi. Hapa sitaki uchelewe hata usiku mmoja. Ukishakuwa na viatu na pesa pia, kila saa inayopita mteja anasoma kuwa unamla. Na pesa irudi ilikotoka. Ikiwa alilipa kwa laini yake, tuma laini hiyo. Akisema "nitumie kwa namba ya mdogo wangu", mwambie kwa upole kuwa utaratibu ni namba iliyolipa, kwa sababu kesho anaweza kutokea mwenye namba ya kwanza kudai hajarudishiwa. Ikiwa alilipa kupitia wakala, hapo namba yake haipo kwenye ujumbe. Muombe namba yenye jina lake, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea uone kama ni lile lililoandikwa kwenye risiti ya basi. Ada ya kutuma ibebe wewe, apokee 93,000 kamili isiyokatwa. Ya kutolea si juu yako, maana yeye naye alikulipa kutoka kwenye salio. Ukimaliza, mtumie picha ya ujumbe wa muamala na maneno machache: "Nimerudisha 93,000 ya viatu namba 42, oda ya tarehe fulani, tumemalizana." Akijibu "nimepokea", una hati yako.

Kama unatumia Lipa Namba, jambo hili litakukwaza usipolijua mapema: baadhi ya akaunti za namna hiyo haziruhusu kumtumia mtu pesa moja kwa moja, lazima kwanza uhamishie kwenye laini au benki. Ulizia dukani kwa mtandao wako kabla ya siku ya marejesho, usije ukawa stendi unamwambia mteja asubiri.

Tuje kwenye kidonda chenyewe: pesa umeshaitumia. Dada, ugomvi mwingi wa marejesho chanzo chake ni hapa. Muuzaji anapoulizwa "nirudishie" huku hana kitu mfukoni, ghafla anakuwa mkali, anatafuta kosa la mteja, anaacha kupokea simu. Hakuanza akiwa tapeli, ila mteja wa upande wa pili hawezi kuona tofauti. Kwa sasa una siku tatu au nne wakati viatu viko njiani. Chukua pea mbili za mzigo mpya, nenda kwa mfanyabiashara mwenzio Kariakoo, mpe kwa bei uliyonunulia. Utakosa faida ya pea hizo mbili na utapata pesa ya kumalizia deni. Usichukue mkopo wa haraka wa kwenye simu kwa ajili hii, riba yake itakula faida yako. Kulipa kwa awamu mbili kunawezekana, lakini akikubali mwenyewe kwa maandishi, na tarehe zote mbili zikiwa za wiki hiyohiyo.

Kwa siku zijazo, pesa ya mteja ambaye hajaukagua mzigo ihesabu kuwa bado ni yake, imekaa kwako tu. Iache kwenye laini ya pekee mpaka zipite siku tatu tangu apokee, ndipo uihamishe kwenye mtaji. Juu ya hapo weka akiba ya marejesho. Hesabu yake inatoka kwenye daftari lako, kwa hiyo anza kuandika: tarehe, namba ya alama, bei, nauli, imerudi au haikurudi, na kwa nini. Tuseme kwa mwezi unauza pea 40 kwa wastani wa 70,000 na tatu zinarudi. Akiba yako ni 210,000, ongeza nauli, sema 260,000, na haiguswi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa inapotea kweli. Chukua hivi viatu vya 85,000, tuseme ulivinunua 58,000. Faida ni 27,000. Vikirudi vizima umepoteza nauli mbili, 16,000, na bodaboda ya stendi tuseme 4,000, jumla 20,000 bila ada ya kutuma pesa. Vikirudi haviuziki tena, ongeza 58,000, inakuwa 78,000. Hiyo inakula faida ya karibu pea tatu. Ukiona namba hizo, dakika tano za kumpima mteja mguu hazitakuchosha tena.

Kumpima ni hivi. Mwambie jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku, asimame kwenye karatasi kisigino kikigusa ukuta, aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, apime kwa rula, miguu yote miwili. Chukua mguu mrefu. Wewe nawe toa soli ya ndani ya kiatu uipime. Kiatu kilichofungwa kinatakiwa kiwe na karibu sentimita moja zaidi ya mguu, na chenye ncha zaidi ya hapo. Kwenye kila tangazo andika urefu wa soli ya ndani, usiandike namba peke yake. Picha iwe uliyopiga mwenyewe mchana. Pitisha pia kamba ya plastiki kwenye matundu ya juu ya kiatu cha kulia na cha kushoto, vifungwe pamoja kwa urefu wa kuweza kuvijaribu umekaa ila si kutembea, na uandike kwamba ikikatwa hakirudi kwa sababu ya kubadili mawazo.

Tangazo lako la zamani lifute, weka hili: "Kagua mzigo ndani ya siku 3 tangu upokee. Ukiwa na kasoro au tofauti na picha, tunabadilisha au kurudisha pesa yote pamoja na nauli. Saizi isipokaa, tunabadilisha mara moja tu, nauli juu ya mteja. Viatu vilivyotembelewa nje havirudi isipokuwa vyenye kasoro." Hilo "isipokuwa vyenye kasoro" usilikate. Kuna viatu vinavyokaa stoo miaka, mteja anavivaa mara mbili soli inabomoka kama biskuti, na muuzaji anasema "umevitembelea". Soli za povu la poliyurethani hunyonya unyevu wa hewa na kuoza zenyewe taratibu hata kiatu kikiwa ndani ya boksi, na hewa ya Dar ina unyevu mwingi. Kabla ya kutuma kiatu cha zamani kikunje kwa mikono miwili, ubonyeze ubavu wa soli kwa ukucha. Ikitoka unga au ikibaki na shimo, usikiuze. Mteja wa hapo hana kosa lolote.

Kukataa nako kunaruhusiwa. Viatu vikirudi na vijiwe kwenye soli na makunyanzi, na tatizo lilikuwa saizi, mtumie video ya ukaguzi, mwambie hutaweza kurejesha pesa, na viatu vitarudi kwake akilipia nauli. Kasoro ndogo ambayo mteja anaweza kuishi nayo, kama mkwaruzo, unaweza kumpa 10,000 mpaka 15,000 abaki navyo. Kumwekea salio la kununulia kingine dukani ni sawa akipenda mwenyewe, usimlazimishe. Na mzigo ukipotea njiani ilhali nauli ulipokea wewe na basi ulichagua wewe, mrudishie mteja kisha wewe ndiye ufuatane na ofisi ya basi kwa risiti. Andikisha thamani ya mzigo wakati wa kutuma, maana bila hivyo ni vigumu kulipwa thamani ya kilichokuwa ndani.

Jihadhari pia na marejesho ya uongo. Mtu atakuambia "nimekutumia 150,000 badala ya 50,000, nirudishie laki". Angalia salio, usiangalie ujumbe, kwa sababu ujumbe unaigizwa. Na hata salio likiwa limeongezeka kweli, usitume laki kwa mkono wako. Mwambie aombe mtandao umrudishie muamala wote kisha alipe upya. Ukituma wewe, na yeye akaomba mtandao urudishe, umelipa mara mbili.

Kuhusu kukuposti: akiposti, jibu mara moja tu chini ya posti yake, kwamba umempa utaratibu tarehe fulani na unasubiri mzigo. Basi. Usiweke hadharani jina lake, namba yake wala mazungumzo yenu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba na jina la mteja si vyako vya kuanika, na utatoka kwenye kudaiwa 93,000 ukaingia kwenye shauri kubwa zaidi.

Wenzako wanaouza kupitia Jumia, soko la mtandaoni, nchini Kenya wana hali tofauti. Huko soko lenyewe linashika pesa, linamrudishia mteja, kisha linakata kwenye malipo ya muuzaji. Kazi ya muuzaji ni kukagua kila kilichorudi siku anayokichukua na kuweka pingamizi ndani ya muda uliopo kwenye mkataba wake. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, na sisi tunaouziana Instagram na WhatsApp hatuna mtu wa katikati, ndiyo maana nimekueleza kwa kirefu hivi.

Yapo ambayo maandishi haya hayatoshi. Ukitoa risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, muamala ulioghairiwa haufutwi kwa mkono, kaa na mhasibu au nenda ofisi ya TRA ya eneo lako wakuelekeze kuuandika mapema, kabla ya mwezi kufungwa. Mtandao ukizuia pesa yako kwa ombi la uongo, nenda dukani kwao na kitambulisho, mazungumzo uliyochapisha na risiti ya basi, usitegemee simu ya huduma kwa wateja. Mteja akikubadilishia viatu au akikutumia ujumbe bandia wa malipo, hilo ni la polisi, na ile video ya stendi uende nayo ikiwa haijakatwa. Na kaka wa Mwanza akienda Tume ya Ushindani au akifungua madai Mahakama ya Mwanzo, usipuuze wito. Tafuta wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya tarehe, umpelekee ujumbe ule utakaomtumia leo.